Menyu Nayo ni Matini: Kuhakiki Kiswahili cha Simu za Mkononi

Baada ya toleo lililopita, baadhi ya wasomaji wetu walituuliza kwa nini ukurasa huu wa uhakiki hushughulikia riwaya, tamthilia na diwani tu, ilhali maandishi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi anaweza kukutana nayo mara nyingi zaidi kwa siku hayamo kitabuni. Yamo mfukoni mwake. Tuliona swali hilo ni la haki. Safari hii basi tumeiweka riwaya kando, tukakusanya simu tulizo nazo idarani, kuanzia kitochi cha vitufe hadi simu ya kioo kikubwa, tukazigeuza lugha kuwa Kiswahili pale ilipowezekana, na kuzisoma kwa jicho lile lile tunalosomea matini nyingine.

Kinachohakikiwa hapa ni kiolesura, yaani ile sehemu ya kifaa inayokutana na mtu: menyu, vitufe, maonyo, saa, na tungo fupi zinazomwambia mtumiaji afanye nini au nini kimetokea. Wasanifu wa violesura huzungumzia zaidi rangi, ukubwa wa vitufe na mpangilio wa kioo. Hayo tutayagusa pale tu yanapogusana na lugha. Hoja yetu ni kwamba kila aina ya simu hukipa Kiswahili chumba chake, na sentensi iliyo nzuri katika chumba kimoja yaweza kuwa mbovu katika kingine. Anayetafsiri bila kukiona chumba atakosea hata kama sarufi yake ni safi.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi dogo: wazitumie simu zao kwa Kiswahili kwa wiki moja. Tulianza Jumatatu. Kufika Jumatano wengi wao walikuwa wamekwisha rudi kwenye Kiingereza, na kati ya waliobaki wapo waliokiri kwamba walikuwa wakifuata picha tu bila kusoma maneno. Hawakuwa wavivu, na Kiswahili wanakijua, ndicho wanachokisomea. Walisema tu kwamba lugha ya simu iliwachosha. Jambo hilo lilituuma. Hapa Uganda Kiswahili kiliingia katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, kwa wengi wa wanafunzi wetu bado ni lugha inayoanza kengele ya kipindi inapolia na kwisha inapolia tena. Simu ingeweza kuitoa darasani. Iliitoa kwa siku mbili.

Tuanze na chumba kidogo kuliko vyote. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na kioo cha nukta 84 kwa 48. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na nukta 96 kwa 65. Simu za namna hiyo zilipata majina ya mapenzi kila zilipokwenda, kitochi huku, mulika mwizi kule, na baadhi ya zile zilizouzwa Afrika Mashariki zilikuja na Kiswahili katika orodha ya lugha. Sasa tupige hesabu. Herufi moja ikichukua upana wa nukta sita, mstari wa kioo cha nukta 84 hubeba herufi 14, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Mtafsiri ana herufi 14 za kusema neno lake.

Hapo ndipo maumbile ya Kiswahili yanapogombana na kioo. Kitenzi chetu hupakia sarufi mwanzoni: ukanushi, nafsi au ngeli, njeo, vyote hutangulia, na mzizi wenye habari hufuata nyuma. Kioo kidogo nacho hukata mwisho wa mstari. Kinachobaki ni sarufi, kinachokatwa ni habari. Msomaji aichukue tungo hii, ambayo mfano wake umejaa katika programu za simu: “Imeshindwa kutuma ujumbe.” Herufi 14 zikiisha, kioo kinaonyesha “Imeshindwa kut”. Kutuma? Kutafuta? Kutambua? Kutunza? Simu imetangaza msiba bila kumtaja marehemu. Igeuzwe sasa: “Ujumbe haujatumwa.” Ikikatwa pale pale, kinachobaki ni “Ujumbe haujatu”, na hakuna Mswahili atakayeshindwa kuimalizia. Tungo zote mbili ni sahihi kisarufi. Katika mtihani wa tafsiri zote zingepata alama. Ila moja inaishi katika kitochi, na nyingine inafia mlangoni.

Vivyo hivyo kwa orodha ya waliopiga wasipate jibu. Tumeona “Simu ambazo hazikujibiwa”, ambayo ukihesabu na nafasi ina herufi 24. “Simu zisizojibiwa” ina 17, na maana ni ile ile, kwa sababu kirejeshi kimeingia ndani ya kitenzi badala ya kutembea peke yake kwa “amba-”. Kitabu cha sarufi kitasema mtumiaji ana hiari kati ya maumbo hayo mawili. Kwenye kitochi hana hiari. “Amba-” ni kirejeshi cha mwenye nafasi.

Washairi wetu wa kimapokeo wana jina la kazi ya kulibana neno lienee mizani: inkisari. Tunapoifundisha, wanafunzi huiona kama ruhusa ya kale waliyopewa wakongwe, jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Tungependa mwalimu wa ushairi amwombe mwanafunzi aandike menyu ya simu kwa herufi 14 kila mstari, aone kama bado ataiita ya kale.

Chumba cha pili hakina hata picha. Ni menyu za nyota na reli, zile anazozifungua mtu kwa kubonyeza nambari fupi kwenye simu yoyote ile, iwe ya bei gani. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu. Ilipofika Tanzania mwaka 2008, watu wakaizoea kwa *150*00#. Hapa kwetu MTN ilianzisha huduma yake ya fedha mwaka 2009. Ujumbe mmoja wa njia hii ya nyota na reli hauzidi herufi 182. Zaidi ya hapo, mtandao humpa mtu muda mfupi wa kujibu, na muda ukipita mazungumzo hukatika na yeye huanza upya. Kwa hiyo menyu yenye maneno mengi inamfungia nje yule anayesoma polepole, ambaye aghalabu ndiye mwenye haja nayo zaidi.

Tutasema jambo ambalo huenda likawashangaza wenzetu: Kiswahili bora tulichokikuta katika uhakiki huu wote kimo humu, katika menyu za fedha za Tanzania. Tuma pesa. Toa pesa. Lipa bili. Angalia salio. Kitenzi na nomino, basi. Tulijaribu kuandika menyu ya mistari sita ya mtindo huo, tukiongeza “Ongeza salio” na “Rudi”, pamoja na namba za mistari na nafasi zote, na haikufika herufi 80. Zaidi ya nusu ya chumba ilibaki tupu. Hakuna “Kufanya Malipo ya Ankara” wala “Huduma ya Uhamishaji wa Fedha”. Aliyeziandika menyu hizi alimsikiliza mtu anayesimama mbele ya wakala, au chumba chenyewe kilimlazimisha.

Si kwamba hazina doa. “Toa pesa” ingeweza kumaanisha kutoa sadaka kama si kibanda cha wakala kilichoipa maana yake. “Salio” nalo linatoka katika kusalia, maana yake kilichobaki; sasa menyu ile ile inamwambia mtu aangalie salio na aongeze salio, na hakuna anayeuliza mtu anawezaje kuongeza kilichobaki. Hilo hatulihesabu kuwa kosa. Matumizi yamekwisha amua, na mwalimu anayesahihisha “ongeza salio” kwa kalamu nyekundu anapoteza wino.

Lipo swali gumu zaidi, la sauti. Menyu inaposema “Tuma pesa”, anayesema ni mtumiaji: hiyo ni amri yake kwa simu. Hatua mbili mbele, simu inasema “Weka PIN”, na hapo anayesema ni simu, inamwamuru mtumiaji. Umbo ni lile lile, amri ya umoja, lakini wasemaji wamebadilishana viti. Katika riwaya tungedai alama za mtajo. Katika kioo cha maandishi matupu tungependekeza njia rahisi: amri kavu ibaki kuwa sauti ya mtumiaji, na simu inapomwomba mtu kitu itumie dhamira tegemezi, “Uweke PIN yako”, au angalau “Tafadhali” mbele. Mzee wa miaka sabini kuambiwa “Weka!” na kifaa alichokinunua kwa fedha yake ni jambo ambalo katika kaya nyingi za pwani lingejadiliwa.

Sasa tuingie katika simu za kioo. Android ina Kiswahili katika menyu zake kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu hapa kwetu ni za Android, ndiko wanafunzi wetu walikofanyia zoezi lao. Msamiati wake kwa sehemu kubwa ni mzuri. “Mipangilio”, “Arifa”, “Betri”, “Hifadhi”, “Nenosiri”: hakuna cha kulalamikia, na baadhi ya maneno haya yamefundishwa na simu kuliko yalivyofundishwa na sisi. Msingi uliwekwa mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo iliandaa Kiswahili cha programu zake katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 2009 Facebook ilitoa Kiswahili chake kilichotafsiriwa na watumiaji wenyewe waliojitolea. Istilahi zilikuwepo basi. Kilichokosekana katika Android si istilahi. Ni sentensi.

Simu haiandiki sentensi nzima. Huhifadhi sentensi yenye pengo, na pengo hujazwa baadaye kwa neno lolote litakalokuja: jina la mtu, la faili, la kifaa. Kiingereza huvumilia pengo hilo kwa sababu kitenzi chake hakijali kinachojaza. Kiswahili kinajali. Katika programu moja tuliyoijaribu, ambayo hatutaitaja, pengo hilo lilifuatwa na “imefutwa”, na kila kitu kikapita humo: “Picha imefutwa” ikapita salama, kisha “Ujumbe imefutwa”, kisha “Kifaa imefutwa”. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda au Kinyankole, ambazo nazo ni lugha za ngeli, walicheka. Mmoja wao aliuliza kama simu hiyo ilijifunzia Kiswahili stendi ya teksi, maana Kiswahili cha mjini Kampala nacho hupenda kuvalisha kila nomino shati moja la “i-”.

Dawa ambayo wahandisi huipendekeza ni kuandika sentensi tofauti kwa kila nomino. Ni dawa sahihi, na ni ghali, na ndiyo maana haifanywi. Sisi tunadhani sarufi yenyewe ina dawa ya bei nafuu. Mfanye mtumiaji awe kiima: “Umefuta ujumbe.” “Umefuta picha.” “Umefuta kifaa.” Kitenzi sasa kinapatana na nafsi ya pili, ambaye yuko pale daima, na nomino imekaa baada ya kitenzi, mahali ambapo haidai upatanisho. Pengo linaweza kujazwa na nomino ya ngeli yoyote. Hili si jambo la uhandisi. Mwanafunzi wa sintaksia wa mwaka wa kwanza angeliona katika dakika tano, kama angeulizwa.

Msomaji makini atatukamata hapa. Juu tulisema nomino itangulie, “Ujumbe haujatumwa”, na sasa tunasema ifuate kitenzi. Ndivyo ilivyo. Kwenye kitochi, ambako aliyekiandikia alijua hasa ni nomino gani inahusika na ambako mstari hukatwa, nomino itangulie. Kwenye simu ya kioo, ambako mstari una nafasi na nomino haijulikani kabla, itangulie nafsi ya pili. Mtafsiri aliyepewa jedwali lenye Kiingereza safu ya kushoto na safu tupu ya kulia, bila kuambiwa tungo inakwenda katika chumba gani, hana njia ya kujua. Na mara nyingi hilo jedwali ndilo analopewa.

Idadi nayo ina mambo. Hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium na ambayo Android na iPhone zote huitegemea, imekipa Kiswahili makundi mawili ya idadi: moja, na zisizo moja. Inatosha: “kifaa 1”, “vifaa 2”. Tarakimu hapa imetuokoa, kwa kuwa inauficha upatanisho; 2 haisemi kama ni mbili, viwili au wawili. Lakini kwa asiyeona, ambaye simu humsomea kioo kwa sauti, siri hiyo hufichuka. Sauti ikisema “vifaa mbili”, yeye peke yake ndiye anayesikia kosa ambalo wenye macho hawakuliona. Kosa jingine la idadi ni la mpangilio: tungo zilizojengwa kwa mfano wa Kiingereza huanza na namba, tukapata “3 ujumbe” pale ambapo kila mtoto wa shule angeandika “Ujumbe 3”.

Tukiwa hapo kwa wasioona: katika baadhi ya matoleo ya Android, sehemu ya menyu iliyokusudiwa watu wenye ulemavu iliitwa “Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia”. Tunamhurumia mtafsiri, maana istilahi ya jambo hili ni changa. Lakini jina hilo ni maelezo, si jina, na linamwacha nje mtu ambaye macho na masikio yake ni mazima ila vidole havimtii. “Ufikivu” ni neno la vitabuni, ila ni fupi na halimwachi mtu nje. Tungelichukua hilo na kuacha watu walizoee kama walivyozoea “mipangilio”.

Mwaka 2014 Google ilianza mtindo wa vitufe vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na haukuachwa ila baada ya mtindo mpya wa mwaka 2021. Kwa neno fupi la Kiingereza lilikuwa pambo. Kwa “HAIJAHIFADHIWA” lilikuwa ukuta. Neno la Kiswahili lenye viambishi vinne lina umbo lake, kupanda na kushuka kwa herufi zake, na herufi kubwa hulisawazisha lote. Apple haikuufuata mtindo huo.

Na iPhone yenyewe? Uhakiki wake ni mfupi. Hadi toleo la iOS 17 la mwaka 2023, Kiswahili kilikuwa na kibodi yake humo, lakini hakikuwa miongoni mwa lugha za menyu za mfumo wenyewe. Mtu aliweza kuandika Kiswahili ndani ya simu ambayo haikuzungumza naye Kiswahili. Programu moja moja ziliweza kuleta tafsiri zake, na matokeo yake yakawa kioo chenye lugha mbili: juu Kiingereza cha mfumo, chini Kiswahili cha programu. Tulichobaki nacho cha kuhakiki ni kibodi, na humo tulikutana na jambo dogo lenye gharama.

Kiswahili kina bahati: hakihitaji alama juu ya herufi. Ujumbe mfupi wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Kitu pekee kinachotusumbua ni ritifaa katika ng'ombe na ng'ambo. Ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za simu. Ile iliyopinda haimo. Tangu mwaka 2017 iPhone hupindisha alama hiyo yenyewe bila kuulizwa, ili ipendeze. Ikishapinda, ujumbe mzima hulazimika kuhamia katika mfumo mwingine wa kuandika herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Anayewaandikia wakulima habari za chanjo ya mifugo kwa herufi 150 hudhani ametuma ujumbe mmoja. Kwa sababu ya ng'ombe mmoja, ametuma tatu na kulipia tatu. Kwa msanifu aliyeipamba alama hiyo huko Marekani, hili halikuwa jambo la kufikiria. Kwenye kibodi zetu dawa ni kuipa ng' kitufe chake, wala si ajabu: ni sauti moja, na tunawafundisha watoto hivyo tangu darasa la kwanza.

Tumeacha saa mwisho kwa sababu ndiyo iliyotugawa zaidi. Mswahili huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na Mganda vilevile: saa moja ya asubuhi ni ile ambayo kioo huandika 7:00. Kila mtu mzima hapa husoma 7:00 na kutamka “saa moja” bila hata kujua kwamba amepiga hesabu. Tatizo huanza simu inapoandika neno “saa” mbele ya tarakimu: “Kengele italia saa 7:00 asubuhi.” Saa saba ya asubuhi haipo. Ipo saa saba mchana, ipo saa saba usiku. Tarakimu zikiwa peke yake ni picha, kama mishale ya saa ya ukutani, na msomaji huzitafsiri mwenyewe. Zikishatanguliwa na “saa” zimekuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho ni uongo.

Mwenzetu mmoja alitumiwa ujumbe wa kumwalika kwenye usaili saa 2:00 asubuhi, ulioandikwa na mtu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Simu yake, kwa wema wake, ikaisoma tarakimu hiyo na kumwekea kikumbusho katika kalenda: saa nane za usiku. Aliamka, akakaa kitandani, akaitazama simu. Usaili aliuwahi, maana alikuwa amesoma ujumbe wenyewe, lakini usingizi haukurudi.

Ile hazina ya CLDR ina majina ya vipindi vya siku kwa Kiswahili, na yamechaguliwa vizuri: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Haina kanuni ya kuondoa saa sita. Baadhi yetu tunataka kanuni hiyo iwepo, mtumiaji aweze kuchagua saa ya Kiswahili kama anavyochagua ya saa 12 au 24. Wengine miongoni mwetu wanaogopa: ratiba za ndege, tarehe za benki, mialiko ya kimataifa vitavurugika, na aliyezoea kusoma 7:00 kama saa moja ataisoma 1:00 kama nini? Hatukuafikiana. Tuliafikiana tu kwamba neno “saa” liondolewe mbele ya tarakimu hadi hapo tutakapoafikiana.

Muhula ujao wanafunzi wa somo la tafsiri watapewa tungo 40 za simu. Kila tungo itaandikwa mara tatu: kwa kitochi cha herufi 14, kwa menyu ya nyota na reli, na kwa simu ya kioo yenye sentensi za pengo. Walimu wa vyuo vingine wanaotaka orodha hiyo watuandikie. Tungo zitakazotupendeza tutazichapisha katika ukurasa huu.

Tumeliondoa neno moja katika orodha, nalo ni “Ghairi”, kitufe cha kuacha jambo. Nusu ya chumba cha walimu inalipenda: kughairi ni kubadili nia, na ndivyo hasa anavyofanya mtu akibonyeza hapo. Nusu nyingine inasema wanafunzi wa Kampala hawalijui, na kwamba simu ikiuliza “Ungependa kughairi safari?” kisha ikaweka chini vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”, hata profesa atasita. Kitufe kibebe kitenzi cha jambo lenyewe, wanasema: “Futa safari”, na cha pili “Usifute”. Wale wa kwanza wanajibu kwamba kosa hapo ni la aliyeuliza swali, neno halina hatia. Majadiliano yanaendelea saa nne za asubuhi, wakati wa chai.